Ua la Chini ya Kiatu

Wifi yangu ana kazi ambayo wengi hawajui hata kama ni kazi: anachora soli. Kiwandani kwao huchora nakshi kwenye karatasi, kisha huichonga kwenye kalibu, na kila kiatu cha plastiki kinachomwagwa humo hutoka na nakshi hiyo chini. Ukitembea naye baada ya mvua utachoka, maana haangalii watu, anaangalia nyayo. "Huyu kavaa mistari yangu," atakuambia, na wewe umesimama na kapu zito mkononi.

Kwa wasiwasi hana mpinzani. Huyu ni mtu wa kurudi kuhakikisha mlango aliokwisha kuufunga. Kwa hiyo alipoanza kukosa raha kwa ajili ya ua moja alilochora kwenye soli, mimi nilicheka.

Ua lenyewe lilikuwa zuri, sikatai. Petali nene zilizobanana, na shanga zimelizunguka hadi ukingoni. Alipomaliza kulichonga ndipo akaona kosa: hakuacha mfereji hata mmoja. Soli nyingine zina mifereji inayofika pembeni. Ukikanyaga penye maji, yanakimbilia nje. Kwenye ua lake maji yalifungiwa ndani ya petali, na mvaaji akawa anateleza juu yake. Akamwambia msimamizi.

"Dada, mteja dukani anageuza kiatu anatazama chini," msimamizi alimjibu. "Ua linauza. Mfereji unauza nini?"

Wifi akarudi kwenye kazi yake, ua likabaki vilevile. Hapo namkasirikia mpaka leo, na nimeshamwambia.

Jozi moja aliyopewa kiwandani ikaangukia kwa mama yangu, mkwewe. Mama huyu, tangu kaka aoe, alikuwa hajawahi kumsifu mkamwana wake. Chai yake nyepesi, nguo anazifua kama anazibembeleza. Lakini viatu vile alivigeuza mbele ya majirani. "Tazameni," alisema. "Kazi ya mkwe wangu hii."

Sasa wifi angesemaje? Akimwambia avue, sifa aliyoisubiri miaka yote inakwenda na maji. Asipomwambia, mama ataanguka, na mfupa wa nyonga wa mtu mzima hauungi upesi. Akawa anamtangulia mama kila mahali na tambara, akikausha sakafu.

"Mbona unanizunguka hivyo?" mama aliuliza.

"Anapima urithi wake," nikamtania. Wifi hakucheka, akaendelea kukausha.

Asubuhi moja mvua ilinyesha, mama akachukua ndoo kwenda bombani. Ngazi za nje zilikuwa zimelowa. Wifi akaacha vyombo, akakimbia, akapiga magoti mbele yake na kumshika mguu.

"Mama, usishuke! Vua! Vinateleza. Nilijua tangu kiwandani, nikaogopa kukuambia. Nisamehe, mama." Alikuwa analia kabisa.

Mama akaweka ndoo chini. Akamshika bega, akainua mguu, akamwonyesha soli. Ua halikuwapo. Soli nzima ilikuwa imekwaruzwa, petali zimelika, shanga zimeng'oka.

"Niliteleza siku ileile, majirani walipoondoka," mama alisema. "Nikaanguka kitako jikoni, nikashukuru hakuna aliyeniona. Nikavisugua kwenye saruji. Ningekuambia, mwanangu, lakini ulikuwa umefurahi mno."

Mwanangu. Mimi mwenyewe huitwa hivyo kwa nadra.

Wifi hakuinuka. Nilidhani sasa atatulia, kumbe ndiyo kwanza alikuwa ametoa macho. "Mama, wewe umesugua," alisema. "Hao wanaonunua dukani, nani atawaambia wasugue?"

Wifi akaingia ndani kuvaa nguo za kazi. Nilimfuata, nikamuuliza anakwenda wapi kabla hata ya chai.

"Kukata mifereji kwenye lile ua," alisema. "Msimamizi apende asipende. Akinifukuza, anifukuze."

Kwa haraka aliyokuwa nayo, kifungo cha blauzi kikamshinda. Nikamfungia mimi.