Siku Niliyomtafsiria Mama kwa Wavuvi

Kiangazi cha mwaka 2015 nilichukua likizo yangu ya kwanza tangu nianze kazi kwenye ghala moja huko Louisville, Marekani, nikapanda basi kwenda Buffalo kwa mama. Nilitaka kumpeleka kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwake, tukae siku tatu bila haraka. Mama alizaliwa kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, na baba alikuwa mvuvi. Tangu tuvuke kuingia Tanzania, mimi nikiwa mgongoni, sikuwahi kumwona akisogelea maji. Nilidhani ni kwa sababu kambi yetu ya wakimbizi ilikuwa mbali na ziwa, na huku Marekani hana gari.

Familia zilizokuwa bado zinavua pale zilikuwa chache. Tulipanga chumba kwa bibi mmoja wa Kizungu ambaye wanawe wawili walitoka na mashua kila alfajiri. Kabla hatujashusha mizigo, mama alinionya: hakuna kupiga picha, hakuna kupanda mashua bila kualikwa, na kila mtu asalimiwe. Alisema kambini wageni walitupiga picha sisi vya kutosha.

Siku ya kwanza tulikaa barazani tu, tukipungia watu mkono. Siku ya pili bibi mwenyewe alikuja kutuita kwenye banda alimokuwa akishona nyavu zilizochanika. Mama alisimama mlangoni muda mrefu. Kisha akaniambia nimwombe ruhusa ashike wavu.

Nikaomba. Bibi akampa sindano ya mbao.

Sikuwa tayari kwa nilichokiona. Mama, ambaye nilimjua kwa kufua mashuka ya hoteli na kuimba kwaya kanisani, alivuta uzi, akafunga fundo, akapima tundu kwa kidole, akaenda kwenye fundo linalofuata bila kuangalia mikono yake. Bibi aliacha kazi yake akawa anamtazama. Akauliza nani alimfundisha. Mama akajibu ni mume wake. Bibi akauliza yuko wapi siku hizi.

Swali hilo nililizoea. Nilikuwa nimelijibu kliniki, shuleni, kwenye kila fomu. Nikaanza kusema kwa Kiingereza kwamba baba alifariki kwa malaria kabla hatujakimbia. Mama alilitambua neno malaria. Akanishika mkono.

“Bon, acha,” alisema, akianza na ile ‘bon’ ya Kifaransa cha Kongo, yaani basi. “Mwambie huyu mama ukweli. Baba yako hakukufa na malaria. Alituvusha, akarudi kuchukua nyavu zake. Mtumbwi ukarudi na mawimbi, yeye hakuwamo.”

Nikatafsiri. Hata leo sijui niliwezaje. Sentensi moja moja, nikimwambia mtu niliyemfahamu kwa siku mbili jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nalisikia kwa mara ya kwanza, na sauti yangu ikitoka kavu kama ninasoma barua ya mtu mwingine. Nilipomaliza, bibi alivua miwani. Alivuta kiti chake karibu na cha mama, wakaendelea kushona.

Mimi nilitoka nje. Nikakaa chini kwenye kokoto. Baadaye mama akanifuata, nikamuuliza kwa nini alinificha.

“Ulikuwa mudogo,” alisema. “Mtu wa malaria ana kaburi. Ungejua ni ziwa, ungemungojea.”

Nilimkasirikia siku nzima, na hasira ile ilinitia aibu, maana nilimwona anavyotembea, mzee ghafla.

Wakati wa kurudi Louisville nilishuka Columbus, anakoishi kaka yangu. Nilimkuta jikoni anafunga chakula cha kazini, watoto wake wakibishana kwa Kiingereza sebuleni. Nikamwambia nina habari ya baba. Akaweka kisu chini.

“Ya mtumbwi?” aliuliza.

Alikuwa na miaka saba wakati ule. Yeye ndiye aliyeuona ukija, akakimbia kumwita mama, na mama akamwapisha asiniambie kamwe. Hawakuwahi kulizungumza jambo hilo tena, hata wao wawili. Alivuta kiti, akaniomba nimweleze maneno ya mama yote, kama alivyoyasema, nisiruke hata moja. Nilimsimulia mpaka mwenzake wa shifti, aliyekuja kumchukua, alipopiga honi nje.