Diski Iliyoanikwa na Betri

Kwa siku tatu kompyuta yangu iligoma kuwaka, na kwa siku tatu mama aliniuliza kama nimemaliza kuitengeneza. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mama alikuwa ameshuka kutoka kijijini Gesima na redio yake na mkungu wa ndizi, akafikia kwenye chumba nilichopanga Kisii mjini, nyuma ya soko la Daraja Mbili. Hakuja kunitembelea mimi. Alikuja kusomewa maneno ya baba.

Baba alikuwa amenisimulia maisha yake katika mwezi wake wa mwisho, nami nikayachapa akiongea. Mama hakujua kusoma. Nakala ilikuwa moja tu, ndani ya diski ya kompyuta kuukuu niliyoiwekea mfumo wa Linux kwa sababu nilitaka kujiona mjuzi. Wenzangu waliniambia nitoe nakala kwenye karatasi. Nikawaambia nitatoa.

Sasa nikibonyeza swichi feni inazunguka, skrini inawaka, halafu basi. Diski haikunguruma hata kidogo. Nilibadilisha waya. Niliingia kwenye mipangilio nikaiambia mashine kwamba diski ipo, ikakataa. Nikaiwasha kwa flopi ya dharura: Linux ikaanza kumwaga mistari yake ya maandishi, ikafika pale inapotafuta diski, ikaikosa, ikaandika kwa Kiingereza kwamba imeingiwa na kiwewe. Nilitaka kuipiga teke. Yenyewe imeingiwa na kiwewe, na mimi je?

"Imeganda tu, tata," mama alisema kwa Ekegusii. Akina mama wa kwetu huwaita wana wao hivyo. "Ni hii baridi ya mvua."

"Mama, hii si ndama wa kuugua baridi," nilimjibu, bila haya.

Siku ya nne jua likatoka. Niliichomoa diski, nikaiacha mezani, nikaenda kuomba waya mwingine kwa mwenye duka la redio. Niliporudi mikono mitupu, meza ilikuwa tupu pia. Diski ilikuwa uani, juu ya kipande cha mabati, imepangwa sambamba na betri nne za redio ambazo mama alizianika ili zipate nguvu tena. Ilikuwa ya moto kama sufuria.

Nilifoka. Nilisema mengi, nakumbuka moja: "Umemuua baba mara ya pili!" Mama alizikusanya betri zake kwenye leso, akaingia ndani, akaketi kitandani.

Niliirudisha diski kwa hasira, ili tu aone alichoharibu. Nikabonyeza swichi. Ikakwaruza, ikanguruma, mistari ikamiminika mpaka mwisho. Baadaye fundi mmoja alinieleza kwamba diski za zamani hunata zikipata baridi, na joto huziachilia. Siku ile nilijua tu kwamba ikizima tena huenda isiamke, kwa hiyo nikachukua flopi mpya ninakili haraka.

"Soma," mama alisema.

"Ngoja ninakili kwanza."

"Nimengoja siku nne. Soma."

Nikasoma. Baba alisimulia jinsi alivyomwona mama mara ya kwanza akipalilia wimbi, akakatiza shambani kumsalimu, naye akamfukuza kwa jembe. Mama akafunika mdomo kwa kiganja.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Diski ikaanza kukwaruza tena. Nilikuwa bado sijamwomba msamaha, na flopi ilikuwa mkononi mwangu, tupu.

"Rudia."

Nikarudia.