Ukoo wa Mwana wa Padri

Jumamosi iliyopita nilikuwa kijijini Akheri, kwenye posa ya binti wa jirani yangu. Mchumba ni kijana wa Uskoti, naye alikuja na baba yake. Kwetu binti hatolewi kabla ukoo wa mume haujajulikana, kwa hiyo mama mkubwa wa binti, Mkatoliki wa Kibosho, akauliza kwa upole, "Baba, ukoo wenu ulianzia wapi?"

Mgeni alifurahi sana kuulizwa. "Sisi ni kina MacTaggart," akasema, binti akitafsiri. "Maana yake ni mwana wa padri."

Mama mkubwa akaweka kikombe chini. "Padri yupi mwenye mwana?"

Binti akatazama viatu vyake. Mgeni akaeleza kwamba zamani sana, milimani kwao, mapadri wengine walioa, na wana wao wakarithi kazi na ardhi ya kanisa.

"Basi huyo alikuwa Mlutheri aliyezaliwa mapema mno," akasema baba wa binti, ambaye ni mzee wa kanisa katika usharika wa Kilutheri. Tukacheka, isipokuwa mama mkubwa.

"Na mtoto mkamwita hivyo hadharani?"

"Ndiyo, mama. Na jina tunalo hadi leo."

Akachukua tena kikombe chake. "Huku angeitwa mpwa wa padri. Watu wasioficha mtoto hawatamficha binti yetu. Leteni pombe ya mbege!"

Njiani kurudi nyumbani, mimi mwalimu nilianza kuwakumbuka wapwa wote wa mapadri niliowahi kuwafundisha.