Fundi wa Hanang aliyepunguza makali ya viatu vya barafu

Saa moja kasorobo asubuhi, mwezi wa Julai, na baridi ya Hanang inauma masikio. Ndani ya karakana ya shamba la ngano la serikali, Verediana Akonaay amepiga goti kando ya kombaini ya kuvunia ngano, jiwe la kunolea mkononi. Analipitisha kwenye kisu cha mashine, anagusa makali kwa ukucha, analipitisha tena. Kisha anafanya jambo linalomshangaza mgeni: anapunguza makali aliyokwisha kuyaweka.

"Yakizidi, yanamegeka yakikutana na udongo," anasema bila kuinua kichwa. "Makali yana kiasi chake. Mimi hilo nililijulia mbali sana na hapa, tena kwa aibu."

Verediana, mama wa watoto wawili mwenye umri wa miaka thelathini na miwili, ndiye mwanamke pekee kati ya mafundi kumi na tisa wa karakana hii. Alizaliwa Tlawi, Mbulu, ambako mama yake alimfundisha kunoa mundu kwenye jiwe la mtoni. Alipoajiriwa shambani mwaka 1978 aliwekwa jikoni, kupika uji wa vibarua. Visu vya jikoni alivinoa mwenyewe, na haukupita muda mafundi wakaanza kumletea vyao. Mwaka uliofuata akahamishiwa karakana.

Mwishoni mwa 1982 alipelekwa Kanada kwa mafunzo ya miezi minane, pamoja na Sebastiani Bura, makanika kutoka Bashay. Walifikia mji mdogo katikati ya tambarare za ngano, wakati ardhi yote imefunikwa na theluji.

Karakana waliyofundishwa ilikuwa ikinoa pia viatu vya timu ya wanawake ya mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Viatu hivyo vina chuma chembamba kilichosimama chini ya soli, nacho hunolewa kama kisu. Mwalimu wao alipoona mkono wa Verediana ulivyo mwepesi, akamkabidhi jozi zote kumi na tatu kabla ya mechi ya mwisho ya msimu.

"Nilitaka waseme huyu Mmbulu anajua kazi," anakumbuka. "Nilinoa mpaka ungeweza kunyolea ndevu."

Siku ya mechi, wachezaji walipoingia uwanjani kupasha misuli, mambo yakaharibika. Chuma kiling'ang'ania barafu. Aliyetaka kusimama kwa kuteleza kiubavu alijikuta ametupwa mbele. Walianguka mmoja baada ya mwingine, na mfungaji wao tegemeo, muuguzi wa pale mjini, akaangukia bega. Alitolewa nje akiwa ameushikilia mkono wake.

Kocha akamuuliza mwalimu ni nani aliyenoa. Kiingereza cha Verediana kilikuwa cha darasa la saba, lakini swali hilo alilielewa bila kutafsiriwa. Ilibaki saa moja mechi ianze, na mashine ya kunolea ilikuwa karakanani, mwendo mrefu kwa gari katika theluji.

Sebastiani anasimulia kwamba alimsihi waondoke kimyakimya. Alihofu watarudishwa nyumbani kabla ya kumaliza masomo, na kwamba baada ya hapo hakuna mwanamke mwingine wa shamba atakayepelekwa. Verediana hakuondoka. Alimwendea kocha, akajigusa kifuani, akasema kwamba ni yeye. Kisha akaomba kitu ambacho hakuna aliyekitarajia: avae viatu vya yule muuguzi.

"Nikamwambia, dada, unataka kuvunjika na wewe?" anasema Sebastiani. "Akanijibu, 'Nimenoa kitu nisichokijua. Nishike mkono.'"

Alianguka mara nne. Mara ya tano alisimama, akasukuma mguu kiubavu, akasikia chuma kikiuma barafu na kukataa kuachia. Hapo akaelewa kinachotakiwa: chuma king'ate kidogo mtu anapojisukuma, kiachie anapotaka kusimama.

Alikaa kwenye benchi, akatoa mfukoni kijiwe laini cha kumalizia. Akakipitisha ubavuni mwa chuma kwa wepesi, halafu akayaburuta makali juu ya ubao wa benchi, akampa mchezaji wa kwanza ajaribu. Bado. Akarudia, na safari hii mchezaji akateleza vizuri. Aligundua pia kwamba wenye miili mizito walihitaji kupunguziwa zaidi, maana uzito wao wenyewe huzamisha chuma. Akawa anamtazama kila mmoja umbo lake kabla ya kupokea viatu vyake. Jozi ya kumi na mbili ilitoka mikononi mwake refa akiwa anapuliza filimbi.

Timu ilifungwa mabao matatu kwa mawili, lakini hakuna aliyeangushwa na viatu. Baada ya mechi yule muuguzi, bega likiwa limefungwa, alimfuata Verediana kwenye benchi. Hakumlaumu. Alimwomba ampunguzie na vyake, ili avikute tayari msimu ujao.

"Mengine yote nilivumilia," anasema Verediana. "Hapo ndipo nilipolia."

Tangu arudi, anasema msimamizi wake, visu vya kombaini vilivyokuwa vikibadilishwa kila baada ya siku mbili sasa vinamaliza wiki nzima.

Jumamosi mchana, kwenye stoo ya zamani aliyoazimwa na shamba, wanawake sita wa Gitting na vijiji jirani wanaingia mmoja mmoja: "Shikamoo, mama fundi." Wawili wanatoka katika familia za wafugaji ambao malisho yao ya zamani leo ni ngano. Wanajifunza kunoa majembe, mapanga na miundu. Hawana mashine; Verediana anawaundia moja ya kukanyaga kwa mguu, kutoka kwenye baiskeli mbovu, na anataka iwe inazunguka kabla ya msimu wa kupanda.

Nafasi ya mafunzo ya nje imetangazwa tena. Mwanafunzi wake mmoja, Fransiska, ameiomba, na Verediana ndiye aliyemwandikia barua ya kumpendekeza.

"Nimeandika kwamba aliniharibia visu vinne," anasema, akijifuta mikono. "Na kwamba alikuja kuniambia mwenyewe, kabla sijaviona. Huyo ndiye ninayetaka aje anipokee jiwe hili."