Ndege Iliyompa Baba Jina

Kuna mlio wa ndege ndogo inayoruka chini chini ambao mpaka leo hunikausha mate. Si ule wa ndege kubwa zinazopita juu kabisa na kuacha mstari mweupe, hizo sizijali. Nasema ule wa injini moja, unaoanza kama nyuki ndani ya debe, halafu ghafla unajaa kifuani. Juzi nilikuwa uani hapa Matinyani nikipepeta ndengu, ukapita. Nilipokuja kujitambua nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya tangi la maji, ungo umepinduka, kuku wanashangilia. Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini. Ngoja nikueleze polepole nilikojifunza kujificha, maana nikieleza haraka utacheka na wewe.

Nilipokuwa mtoto tulikaa upande wa Kyuso. Baba yangu aliitwa Ndeke, na ndeke kwa Kikamba ni ndege hii ya kusafiria. Kwetu mtoto hupewa jina la jambo lililokuwapo alipozaliwa: huyu alikuja na mvua, yule alizaliwa njiani, mwingine alizaliwa wakati wa njaa. Baba alizaliwa babu yangu alipokuwa ametoka vita vya Burma, alikopelekwa na Waingereza kupigana na Wajapani. Babu, ambaye sisi wajukuu tulimwita Umau, alikuwa akisema kwamba ndege ndiyo iliyomrudisha nyumbani. Mimi nilielewa kwamba alirudi amepanda ndege, amekaa dirishani, kofia magotini. Nilijivunia sana. Kila daftari langu liliandikwa Mwikali Ndeke kwa herufi kubwa.

Nikiwa darasa la sita, mwalimu wetu wa historia alikuja na picha iliyokatwa kutoka gazeti la zamani. Ilikuwa ndege ya rangi ya fedha, injini nne, pua ya vioo. Aliipitisha dawati kwa dawati. Akatuambia ndege ya aina hiyo ndiyo iliyobeba bomu la atomiki mpaka Japani, mji uitwao Hiroshima. Ilikuwa asubuhi, anga safi. Watu waliona ndege chache tu huko juu na wengi hawakujificha, kwa sababu waliyoyazoea ni makundi makubwa. Watoto wa shule, wa umri wetu na kidogo zaidi, walikuwa nje wakifanya kazi. Kisha ukaja mwanga. Waliosalia walikwenda mtoni wakitafuta maji, ngozi ikiwatoka mikononi. Siku tatu baadaye, mji wa pili.

Halafu Mumbua, niliyekaa naye dawati moja, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mwikali, kwani hii si ndege ya kwenu?"

"Ya kwetu vipi?"

"Iliyompa babako jina. Babu yangu alikuwa na Umau wenu huko Burma. Anasema walirudi kwa meli, wakitapika njia nzima. Ndege ni hiyo ya bomu."

Darasa lilicheka. Mwalimu alimnyamazisha, lakini nilingoja aseme ni uongo, na hakusema.

Tangu siku hiyo nilianza kutembea nikitazama juu. Usiniulize mantiki, mtoto akiogopa hujenga yake. Niliamini kwamba ndege ile inajua jina lake, na kwamba ikilisikia likiitwa itashuka kuona nani anaitwa. Mama alipomwita baba kutoka shambani kwa sauti kubwa, nilikuwa naziba masikio. Nilifuta jina kwenye madaftari kwa mate na kidole mpaka karatasi ikatoboka.

Jumamosi moja mtama ulikuwa umekomaa, na kwelea, vile vindege vinavyomaliza nafaka, walikuwa wameingia nchini kama moshi. Tuliwekwa kuwafukuza, mimi na mdogo wangu Kimanzi, wa miaka mitano. Mimi nilikuwa na kombeo, yeye na debe la kugonga. Jua lilikuwa halijawa kali. Anga lilikuwa safi, bila hata wingu la kusingizia. Ndipo nilipousikia mlio, na nilipogeuka niliiona inatokea nyuma ya kilima, moja tu, chini kiasi kwamba kivuli chake kilipita juu ya mtama wetu.

Sikupiga kelele. Nilimshika Kimanzi mkono nikakimbia naye mpaka mtoni. Mto wetu ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Maji huchimbwa, na shimo hupanuliwa kadiri kiangazi kinavyoendelea. Letu lilikuwa limenifika kifuani, limezungushiwa miiba kuzuia ng'ombe. Niliipita miiba ile bila kuihisi. Nilimtumbukiza Kimanzi, nikamwambia achuchumae asiangalie juu, nikamtupia leso, kisha nikalala ukingoni ili mwili wangu uwe kifuniko. Nilikuwa nikifikiria wale waliokwenda mtoni wakitafuta maji. Nilijiambia sisi tumetangulia kufika.

Ndege ilizunguka ikarudi. Nilijikaza mchangani, na mchanga ukakatika chini yangu. Ukingo wote uliingia shimoni. Leso ilitoweka. Nilikuwa nimepiga magoti mahali ambapo sekunde moja kabla palikuwa na mdogo wangu.

Hapo ndipo nilipopiga kelele. Nilichimba kwa mikono, na kila nilichokitoa kilirudi. Umau alikuwa ametoka nyumbani kuitazama ndege ile. Nilimwona akija huku bado ameshika kofia aliyokuwa akiipungia ndege. Aliitupa. Alinisukuma kando, akachimba kama fisi, akafikia kichwa, kisha bega, akavuta. Alimlaza Kimanzi kifudifudi gotini akampiga mgongoni mpaka akakohoa mchanga na kuanza kulia. Sijawahi kusikia kilio kizuri kama kile.

"Ulikuwa unafanya nini?" Umau aliniuliza.

"Namficha. Ndege ya bomu imekuja."

"Hiyo ni ya serikali, inatafuta kwelea wanapolala. Na hata ingekuwa ile, ile haina ubaya na sisi. Ile ndiyo ilinirudisha." Bado alikuwa anahema. "Tulikuwa tumetolewa Burma tukapelekwa India kupumzika, tukingoja kurudishwa msituni. Wenzangu wa hema moja niliwaacha kule, hawana hata kaburi. Siku moja afisa akatuambia limeanguka bomu, Wajapani wamekubali kushindwa. Niliimba mpaka sauti ikaisha. Bila hiyo ndege hakuna baba yako, hakuna wewe, hakuna huyu."

"Umau, liliangukia watoto."

"Liliangukia askari."

"Mwalimu alisema ni mji. Watoto walikuwa nje wanafanya kazi. Wakaenda mtoni."

Alinitazama, kisha akamtazama Kimanzi, ambaye kope zake zilikuwa nyeupe kwa mchanga. Alianza kumtoa mchanga masikioni kwa kidole kidogo, sikio moja, halafu la pili. Alimaliza, na bado akaendelea.

Kuanzia hapo Umau hakumwita baba Ndeke tena. Alimwita Yohana, jina la ubatizo, ambalo hata mchungaji alikuwa amelisahau. Nilijua kosa ni langu. Nilidhani amenikasirikia kwa kumkosoa, na kwa miaka nilimpelekea chai bila kumtazama usoni.

Nimesoma mengi tangu wakati huo. Wako wanaosema mabomu yale yalifupisha vita na kuwaokoa askari kama Umau. Wako wanaosema Japani ilikuwa karibu kusalimu amri hata bila hayo, na kwamba watu wa miji ile waliuawa bure. Bado wanabishana, na ukinitaka niamue nitakuambia kweli: mimi siwezi kuwa hakimu wa jambo ambalo ndilo lililonizaa.

Nilipomzaa mwanangu wa pili wa kiume, kwa desturi yetu ilipasa apewe jina la baba yangu. Umau, wakati huo mzee wa kushikwa mkono, alimtuma mama aniambie nisimpe. Nikamwita Musyoka, yaani aliyerudi. Niliona nimepata njia nzuri: shukrani ya Umau ingebaki, ndege ingeondoka.

Nilimpelekea mtoto. Alimpokea mapajani, akamshika vidole.

"Anaitwa nani?"

"Musyoka."

Alivihesabu vidole vile kimoja kimoja.

"Ni jina zuri," alisema. "Ila usimfundishe kuliimba. Mimi niliimba siku ile, na wale watoto walikuwa mtoni."

Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuwa amenikasirikia hata siku moja. Pale mchangani nilidhani mwoga ni mimi peke yangu. Kumbe Umau alikuwa ameanza kuogopa kuliko mimi, na kitu alichokiogopa hakikuwa angani. Kilikuwa ile furaha yake ya siku ya bomu, ambayo hakuweza kuirudisha wala kuikana, kwa sababu ilikuwa imemkalia mapajani ikimshika kidole.