Harufu Chini ya Turubai

Mama yangu mdogo hana mkarafuu hata mmoja. Ni mjane wa Jadida, na kila msimu, wachumaji wakishaondoka, huomba ruhusa kwa wenye miti akaokota karafuu zilizodondoka. Msimu ule alipata gunia moja. Hilo ndilo lingemfikisha Ramadhani.

Karafuu zilikuwa zimekauka nusu mvua ilipoanza, na paa lake linavuja. Dada yake wa shehia ya pili ana baraza ya saruji iliyoezekwa bati. Tukalifunga gunia kwenye baskeli yangu, mimi nikasukuma, yeye akashika nyuma. Kibali cha sheha cha kusafirisha karafuu hakuchukua. Kwa anavyojua yeye, kibali ni cha anayekwenda kuuza, naye alikuwa anakwenda kuanika.

Kwenye kizuizi cha polisi barabarani askari alitusalimia vizuri, kisha akaligusa gunia.

“Magendo haya mnayapeleka wapi, bibi?”

“Kwa dada yangu, mwanangu. Kwake kukavu.”

“Kila mwenye magendo ana dada.”

Mama mdogo alidhani anataniwa, naye akarudisha utani. “Wangu ni mjane kama miye. Njoo umpose.”

Askari wa pili alicheka huku akilishusha gunia.

Tukiwa bado tumesimama pale, ilikuja pikapu iliyofungwa turubai. Wete nzima inaijua. Mwenyewe hukaa viti vya mbele katika kila hafla ya serikali. Kamba ya kizuizi iliinuliwa kabla gari halijapunguza mwendo, dereva akapiga honi kama mtu anayeitikia salamu. Likapita, na harufu ya karafuu ikabaki barabarani. Hakuna turubai linaloizuia harufu ile.

“Na hizo, mwanangu?” mama mdogo aliuliza.

“Zipi?” askari akasema.

Tulipelekwa kituo cha polisi, gunia likaandikwa kuwa ushahidi. Mama mdogo hakuomba aachiwe. Alimwomba mkuu wa zamu jambo moja tu.

“Niwekeni ndani mkitaka, lakini zianikeni. Zikikaa guniani zitaharibika.”

“Ushahidi hauanikwi, bibi.”

Walimruhusu kurudi nyumbani, gunia wakalifungia stoo. Kila asubuhi nilikwenda kuuliza kesi imefikia wapi, na kila asubuhi niliambiwa mwenye faili hajafika. Nilipitisha mkono kwenye nondo za dirisha la stoo nikaligusa gunia. Lilikuwa na joto kama mtu mwenye homa.

Mwisho tuliitwa tukalichukue. Hapakuwa na shitaka, wala maelezo. Karafuu zilikuwa zimepauka, zimeshikana, zinanuka uchachu. Kwenye kituo cha ununuzi mpimaji alichota kiganja, akakirudisha guniani, akamwita aliyefuata.

Hata hivyo mama mdogo alizimwaga juani, juu ya jamvi mlangoni kwake, akawa anazigeuza kila siku.

Siku hizohizo mbuzi wake aliibiwa mchana kweupe, na mama mdogo alimwona mwizi kwa macho yake, kijana wa mtaa wa nyuma. Nilimwambia twende kituoni.

“Kufanya nini?”

“Ukaseme uliyemwona.”

“Wataniuliza kibali cha mbuzi.”

Nilimsihi mpaka nikachoka. Tukiwa bado tumekaa pale, kijana mwenyewe akapita njiani, akapunguza mwendo.

“Asalaam aleikum, Bi mkubwa. Za kutwa?”

Mama mdogo alimwitikia salamu yote, mpaka mwisho. Kisha akainama, akaendelea kuzigeuza karafuu.