Namwonea wivu mbwa anayesikia siri za mwanangu

Admin, nifichie jina, wateja wangu wengi wamo humu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, kwetu Tanga, naishi Johannesburg na ninashona nguo Fordsburg. Nina binti mmoja wa miaka tisa, kazaliwa hapa hapa. Najua mtanicheka, lakini potelea mbali. Ninayemwonea wivu si mke mwenza wala jirani. Ni mbwa.

Mume wangu alifariki mwaka jana kwa maradhi ya figo. Yeye ndiye aliyekuwa akimlazimisha binti yetu kuongea Kiswahili, maana mimi nikimsemesha ananijibu Kiingereza. Baba yake alipoondoka, mtoto akanyamaza. Anakula, anakwenda shule, ukimuuliza kitu anajibu neno moja basi. Nilimbembeleza kwa kumpikia vibibi vya nazi, kwa magauni, kwa kulala naye kitanda kimoja. Wapi!

Shuleni kwao, huko Kensington, wanakuja watu wa kujitolea na mbwa waliofunzwa kuliwaza watoto na wagonjwa. Binti yangu alipangiwa bibi mmoja wa Kizungu, mpole, mwenye jibwa la manjano linaloitwa Bella. Mtoto anakaa na huyo mbwa kwenye mkeka, anamsomea kitabu au anamsimulia anachotaka. Mwalimu aliponiomba ruhusa nilisita. Sisi wa pwani mnatujua, mbwa hatumshiki, na mate yake yakikugusa unaosha mara saba, moja kwa udongo. Nilimuuliza ustadhi, akasema maadamu ni kwa ajili ya kumsaidia mtoto, aende, akirambwa aoshe. Basi nikaweka ndoo ya udongo bafuni, nikakubali.

Siku moja nilikwenda kumchukua mapema. Mlango wa maktaba ulikuwa wazi kidogo, nikasikia sauti ya mwanangu. Anaongea Kiswahili! Kile kile cha kuchanganya alichokuwa akiongea na baba yake. Nikasimama pale pale.

"Eish, Bella, sikiliza. Baba alisema atatoka hospitali tutaenda kula aiskrimu. Hakutoka. Lakini usimwambie mama. Mama akisikia baba, analia, halafu anajifungia choo."

Jamani, niliumia. Sitawadanganya kwamba nilimhurumia kwanza. Kwanza nilishikwa na wivu. Miezi yote hiyo nayatafuta maneno hayo kwake, kumbe anampelekea mnyama mwenye mkia! Na lile jibwa limelaza kichwa kwenye mapaja yake, ilhali yeye kulala kwangu ni kwa kulazimishwa.

Tulipofika nyumbani nikamwosha kwa udongo. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba leo hakurambwa. Nikamsugua tu, mara ya tatu, ya nne, mpaka viganja vikawa vyekundu. Hakulia. Alinitazama tu, nikaona haya. Udongo ule haukuwa wa dini, ulikuwa wa hasira zangu.

Nilimweleza shoga yangu Mkongo, msusi wa duka la pili. Alicheka kwanza, kisha akaacha kusuka, akasema, "Ule mbwa anakushinda kitu moja tu, dada. Yeye hana machozi." Nilinuna siku nzima, maana alinigusa penyewe.

Jumapili nikajaribu. Tumekaa tunakula wali, nikamwambia, hebu tumzungumzie baba yako. Kabla sijamaliza kulitaja jina lake machozi yakanitangulia. Mtoto akainuka, akaniletea maji, akanipapasa mgongo kama mimi ndiye mdogo. Kisha akarudi kwenye sahani yake.

Sasa mwalimu ameniandikia. Muhula mpya unaanza, anataka kujua kama mtoto aendelee na Bella. Ameongeza kwa adabu kwamba kama dini yetu hairuhusu, wao wataelewa, hakuna atakayeniuliza. Mnaona mtego huo? Neno moja tu, na yule mbwa simwoni tena. Ndugu zangu wa Tanga watanisifu kabisa. Lakini ustadhi alisharuhusu, kwa hiyo nikikataa nitakuwa nimemsingizia Mungu wivu wangu mwenyewe.

Na bado roho inanituma nikatae. Ninamtaka mwanangu arudi kwangu, aniambie mimi. Kuna wakati najiambia akikosa mbwa atakuja tu, ataenda wapi? Halafu naogopa.

Jibu linatakiwa wiki hii. Naomba mniambie, hasa nyie mliofiwa mkabaki na watoto wadogo, mlifanyaje mpaka mkaweza kulisikia jina la marehemu bila kuangua kilio mbele yao? Maana nikimwondoa Bella leo, na mimi bado najifungia chooni, mwanangu atamwambia nani?